Tengeneza tovuti ya biashara yako bila kulipa fundi

Je, unashona nguo, unatengeneza simu au unauza chakula kambini au katika kijiji jirani? Unaweza kujitengenezea tovuti bila kujua lugha za kompyuta. Ukiwa na akaunti ya Gmail, Google Sites ni bure.

Kwenye kompyuta, fungua sites.google.com na uchague ukurasa mtupu. Andika jina la biashara, weka picha na bei, vuta kila kitu kwa kipanya hadi mahali unapotaka, kisha bonyeza kitufe cha kuchapisha.

Kumbuka: ukichapisha kwa watu wote, hata unayemkimbia anaweza kuiona. Usiweke namba ya kitambulisho chako, mahali unapolala, wala picha ya mteja bila ruhusa yake. Ukisaidiwa, andika nywila mwenyewe.