Mpango wa Mji Unaanzia kwa Mjumbe

Mipango kabambe mitatu ya kwanza ya Dar es Salaam ilichorwa na wageni. Wa 1949 ulitoka kwa kampuni ya Alexander Gibb ya Uingereza. Wa 1968 na wa 1979 ilitoka kwa kampuni mbili tofauti za Canada. Kwenye karatasi ilipendeza, lakini mji haukuingoja. Watu walinunua mashamba pembezoni, wakakatiana viwanja, wakajenga, wakahamia, na mpima ardhi akafika baadaye, kama alifika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, na wataalamu wamezoea kukadiria kwamba asilimia 70 hivi wanaishi uswahilini, mahali ambapo nyumba ilitangulia mchoro.

Katika mji wa namna hiyo, shule ya mipango miji inafundisha nini? Swali hili linakihusu moja kwa moja Chuo Kikuu Ardhi, kilichopo Observation Hill, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza katika miaka ya 1950 kama kituo cha kufundisha wapima, kikawa Chuo cha Ardhi katika miaka ya 1970, mwaka 1996 kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina la UCLAS, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe. Wengi wa maafisa mipango miji utakaowakuta katika halmashauri za Tanzania wamepita pale. Kwa hiyo namna chuo kinavyoyatazama maeneo ya uswahilini kama Tandale au Manzese ndiyo namna ambayo, miaka kumi baadaye, afisa wa halmashauri atayatazama.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya chuo hiki kwa miji endelevu imefanyika uswahilini. Katika miaka ya 1960 jibu la serikali kwa makazi yasiyopimwa lilikuwa kubomoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sera ikageuka: Manzese ikaboreshwa ikiwa na watu wake ndani, na viwanja vyenye huduma vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Fedha zilipokwisha katikati ya miaka ya 1980, mpango nao ukaisha, na makazi yakaendelea kukua bila mtu wa kuyaeleza.

Hapo ndipo wanazuoni wa Ardhi walipoingia. Lusugga Kironde, Wilbard Kombe, Alphonce Kyessi na wenzao waliuliza swali ambalo ofisi hazikuuliza: watu hawa wanapataje ardhi, na nani anawaamulia? Walichokieleza ni jambo ambalo kila aliyenunua kiwanja Mbagala au Kimara analijua. Muuzaji na mnunuzi hawakutani peke yao porini. Mjumbe wa shina anaitwa, majirani wa pande zote wanaonyesha mpaka, mti wa mnyaa au mwembe unatajwa, karatasi ya mauziano inaandikwa na mashahidi wanatia saini. Utaratibu upo, tena una nguvu, kwa sababu anayeuvunja anaishi na majirani aliowadhulumu. Kinachokosekana ni mambo ambayo jirani mmoja mmoja hawezi kuyatoa: barabara ya gari la zimamoto, mtaro unaofika mtoni, eneo la shule. Huba Nguluma naye, katika tasnifu yake ya 2003, aliingia ndani ya nyumba zenyewe huko Hanna Nassif na kufuatilia jinsi zinavyoongezwa na kugeuzwa na wenyewe kadiri siku zinavyokwenda.

Hanna Nassif, Kinondoni, inastahili kutazamwa kwa karibu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 wakazi wake, kupitia chama chao, walichimba na kujenga mitaro ya maji ya mvua na barabara za ndani, wakichangia fedha na nguvu huku baadhi wakilipwa kwa kazi hiyo. Shirika la Kazi Duniani (ILO) na wafadhili wengine walishiriki, na wataalamu wa UCLAS walitoa ushauri wa kiufundi. Mafuriko yalipungua. Lakini kodi za vyumba nazo zilipanda, na mpangaji aliyevumilia maji yakiingia ndani akajikuta hawezi kulipia ukavu. Somo hilo halipatikani katika kitabu cha mipango kilichoandikwa Ulaya.

Kazi ya pili ni ramani. Mwaka 2011 wanafunzi wa Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora eneo hilo kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, na mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria uliopeleka wanafunzi wa vyuo na wakazi katika kata zinazofurika. Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Msalaba Mwekundu walikuwemo. Mtu wa mbali ataona simu na ndege ndogo zisizo na rubani, lakini kilicholeta faida ni miguu. Picha ya angani inaonyesha bati. Haionyeshi kalavati lililozibwa na taka wala uchochoro ambao mwisho wake ni ukuta wa mtu. Ukimuuliza mama wa Tandale mafuriko yalifika wapi, hakutajii sentimita. Atakuambia yalifika magotini, au atakuonyesha alama ya tope chini ya dirisha, na mwanafunzi ndiye atakayepima.

Tena kuna mambo hayasemwi mpaka mtu akuzoee. Gari la maji taka haliingii kwenye vichochoro, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo vyao ili mkondo ubebe. Anayechora mtaro bila kulijua hili anachora njia ya kupeleka kinyesi kwa jirani wa chini. Huwezi kulijua ukiwa ofisini.

Nisieleweke kwamba uswahilini ndiko kunakokosewa peke yake. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la mto Msimbazi, na imefurika mara kwa mara. Ule ni mradi wa serikali, wenye wahandisi, wakopeshaji na michoro yote. Wakati huohuo mkazi wa bondeni aliambiwa, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, kwamba yeye ndiye asiyejua kupanga, akahamishiwa Mabwepande.

Basi mbona maarifa haya hayaubadilishi mji kwa kasi? Sababu kubwa ni ya kisheria, na ni rahisi kuieleza. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Mchoro wa wanafunzi wa mwaka wa tatu, hata uwe umefanyiwa kazi muhula mzima, umehojiwa na wazee wa mtaa na umesimamiwa na profesa, hauna nguvu yoyote mpaka halmashauri iuchukue na kuupitisha. Hakuna kinachoilazimisha kuuchukua. Ukisahihishwa na kupewa alama, umemaliza safari yake.

Nafasi inayoachwa na michoro hiyo imejazwa na kampuni binafsi za upangaji na upimaji. Katika urasimishaji wa makazi, yaani kuyapima na kuyapa hati yaliyokwishajengwa, wananchi walichangishwa mtaa kwa mtaa, serikali ikaweka kikomo cha shilingi 150,000 kwa kiwanja, na bado malalamiko ya waliolipa bila kuona hati yamesikika miaka yote hii. Sipingi urasimishaji, mwenye hati hulala vizuri. Ila kampuni inayolipwa kwa idadi ya viwanja itahesabu viwanja. Haina sababu ya kubishana na mwenye nyumba aliyeziba njia ya maji, wala kumshawishi mwingine atoe mita mbili za barabara. Majadiliano hayo huchukua vikao vingi, mjumbe akiwa katikati, na hakuna anayeyalipia. Bikoni zinapandwa, kichochoro kinabaki kichochoro, ila sasa kimo kwenye mchoro uliopitishwa.

Chuo kina kitu ambacho kampuni haina: vijana wanaotakiwa kwenda mtaani kwa sababu ya masomo yao, kila mwaka, bila kuhesabu viwanja. Halmashauri za jiji nazo zinalalamika kila bajeti kwamba hazina wataalamu wa kutosha. Madiwani wanaweza kuanza na kata moja: waikabidhi kwa darasa moja la Ardhi, afisa mipango wa halmashauri akae kwenye vikao vya mtaa pamoja na wanafunzi, na mchoro utakaotoka ufikishwe mbele ya kamati yao ya mipango miji ujadiliwe, ukubaliwe au ukataliwe kwa sababu zilizoandikwa. Hilo halihitaji sheria mpya wala mkopo wa Benki ya Dunia.