Gari la Fahari Linapotolewa Sadaka

Ni magari machache yaliyopata kupendwa mjini Kampala kama Toyota Harrier. Gari hili, ambalo si saluni wala si jipu bali ni kitu cha katikati, lilianza kuuzwa nchini Japani mwezi Desemba mwaka 1997, na Wamarekani wakalipata kwa jina la Lexus RX. Huku kwetu lilifika likiwa limekwisha tumika, likapanda vilima vya Kololo na Muyenga, na kwa miaka mingi likahesabiwa kuwa alama ya mtu aliyefanikiwa. Lakini kila gari lina siku zake. Mwenyewe hupandishwa cheo, au hujaliwa kununua jingine, na lile la zamani hubaki uani likipigwa na vumbi. Ndipo huja wazo: kwa nini lisitolewe sadaka kwa nyumba ya mayatima au kwa wauguzi wa maskini?

Wazo hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo hapana budi lichunguzwe, kwa kuwa gari si gunia la mchele. Mchele ukipokelewa huliwa ukaisha. Gari likipokelewa ndipo huanza kula. Harrier za kwanza zilikuja na injini za namna mbili, ya lita 2.2 na ya lita 3 yenye silinda sita. Hii ya pili ina nguvu na utulivu wa kupendeza, lakini katika msongamano wa Kibuye au Jinja Road hunywa petroli bila huruma. Ina mkanda wa ndani ambao usipobadilishwa kwa wakati wake huliacha gari njiani. Spea zake hupatikana Kisekka na Katwe, na mafundi wanaoijua hawakosekani. Lakini nani atakayewalipa? Tajiri alipokuwa nalo alitoa fedha mfukoni bila kuhesabu. Mlezi mkuu wa nyumba ya watoto atazitoa katika fungu la chakula.

Mahitaji ya nyumba hizi, isitoshe, hayafanani. Tuchukue mfano wa Hospice Africa Uganda, iliyoko Makindye, mtaa ambao askari wengi wanaujua kwa sababu nyingine. Ilianzishwa mwaka 1993 na Daktari Anne Merriman, na kazi yake kubwa ni kuwafuata wagonjwa wa saratani na wa UKIMWI majumbani mwao na kuwapelekea dawa ya kutuliza maumivu, nayo ni morfini ya maji. Muuguzi asipofika, mgonjwa hukesha akilia. Kwa watu wenye kazi ya namna hii gari zima ni chombo cha kazi, sawasawa na bunduki kwa askari aliye lindoni, na siku gari linapolala gereji kuna mtu kitandani anayeteseka kwa ajili hiyo.

Sasa tuvuke mpaka kilima cha Namirembe. Pale ipo Sanyu Babies' Home, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Bibi Milnes Winifred Walker, mkunga mmisionari wa Hospitali ya Mengo. Nyumba ya watoto wachanga huhitaji maziwa, nepi, sabuni na mishahara ya walezi kila siku inayopambazuka. Gari nalo lina siku yake ya kufaa. Lakini fedha za gari lililouzwa vizuri zingeweza kununua maziwa ya miezi mingi. Basi busara ni kuuliza kwanza. Ikiwa jibu ni kwamba fedha zafaa zaidi, mwenye gari na aliuze mwenyewe, maana yeye ndiye ajuaye bei na kasoro zake, kisha apeleke fedha. Na akilitoa gari lenyewe, asiweke sharti kwamba lisiuzwe. Wapo watoaji wanaotaka kuliona gari lao limesimama mbele ya nyumba ya mayatima hata likiwa juu ya mawe, ili wageni waulize ni la nani.

Jambo la karatasi msomaji aliye polisi analijua kuliko mwandishi. Magari mangapi hutembea mjini kwa majina ya watu waliokwisha yatoa au kuyauza zamani? Gari likigonga mtu usiku na dereva akakimbia, anayetafutwa kwanza ni yule aliyeandikwa katika logibuku. Mwezi Juni mwaka 2025 ulipoanzishwa mfumo wa kutoza faini kwa kamera, kabla haujasimamishwa mwezi uo huo ili urekebishwe, faini nazo zililifuata jina lililosajiliwa. Kwa hiyo hiba isiishie kwenye kupeana mikono na kupigwa picha. Iandikwe barua, jina libadilishwe katika usajili, na bima iwe ya mwenye gari mpya. Kama gari liliingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru, ushuru huo huweza kudaiwa linapohamia kwa asiye na msamaha. Mpokeaji naye athibitishwe kuwa amesajiliwa kisheria, maana wapo wanaobandika kibao cha mayatima mlangoni na hakuna yatima ndani.

Huko Marekani biashara ya kutoa magari kwa mashirika ya hisani imekuwa kubwa kwa sababu ya kodi. Watu walijikadiria thamani kubwa mno, hata sheria ikabadilishwa: tangu mwaka 2005, gari la kudaiwa zaidi ya dola 500 kwa kawaida huhesabiwa kwa bei ambayo shirika liliuzia. Uganda nayo humpunguzia mlipa kodi kwa sadaka aliyolipa shirika lililosamehewa kodi, isipozidi asilimia 5 ya mapato yake yanayotozwa. Lakini mshahara wa askari wa UPDF, wa polisi na wa magereza umekwisha samehewa kodi, isipokuwa kwa walio katika kazi za utawala. Afande anayetoa Harrier yake, basi, kwa upande wa mshahara hapati unafuu wowote. Anatoa kwa moyo tu.

Na akitoa, atoe kamili: breki zimekaguliwa, matairi manne na la akiba, jeki, logibuku, na petroli au fedha za kuanzia. Funguo ziwe zote mbili.