Mwongozo wa Mlango kwa Wakala wa Kompyuta

Siku hizi kompyuta haitumiwi na watu peke yao. Zipo programu za akili bandia ziitwazo mawakala, ambazo hutumwa kazi na mtu, nazo huziendea kompyuta nyingine zenyewe kutafuta habari au kupeleka hesabu. Lakini kila kompyuta yenye kitu cha thamani ina mlango wake, na mlango una mlinzi. Nataka kueleza jinsi ipasavyo kuandika mwongozo wa mlango huo, ili wakala aufuate bila ya kubahatisha.

Mtu akisoma mwongozo usioeleweka, humwuliza mwenziwe au huacha mpaka kesho. Wakala haoni haya wala hachoki. Akikosa neno hujaza pengo kwa kukisia, na kisio lake huwa fasaha hata likafanana na kweli. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa kilicho mkononi mwake ni ufunguo wa mtu.

Chukua namba 401 na 403, ambazo seva hujibu inapokataa. Ya kwanza maana yake ni kwamba hukujitambulisha sawasawa. Ya pili, kwamba seva imekuelewa lakini haikupi ruhusa. Mgeni asiye na barua langoni aweza kuifuata barua akarudi. Lakini mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza atakaye kuingia chumba cha walimu, hata akirudi mara kumi na kitambulisho kile kile, hapiti. Mwongozo usiponena wazi kwamba penye 403 asimame amwulize bwana wake, wakala aweza kugonga mlango mpaka akaunti ifungwe.

Tena, kila hesabu iandikwe pamoja na kipimo chake. Tokeni, yaani kibali cha muda anachopewa wakala, ina mwisho wake kama kibali chetu cha kwenda mjini Jumamosi. Ukiandika kwamba yaishi 3600, hukusema kitu. Andika sekunde 3600, yaani saa moja, kisha ueleze mahali pa kupata nyingine. Kadhalika zile tarakimu za siri zinazobadilika katika simu: kwa kanuni ya mwaka 2011, RFC 6238, kawaida hubadilika kila sekunde 30, nazo hutokana na siri pamoja na saa. Saa ya kompyuta ikikosea, tarakimu nazo zitakataliwa, na wakala asiyeambiwa hayo atadhani siri ndiyo mbovu.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile ya RFC 8628, iliyotolewa Agosti 2019. Ilitungwa kwa ajili ya vyombo kama televisheni, ambavyo kuandika juu yake ni taabu, lakini yamfaa wakala pia. Wakala huomba, hupewa maneno mafupi ya kumwonyesha mtu, na mtu huyaandika katika simu yake mwenyewe na kukubali. Neno la siri la mtu halipiti kwa wakala hata kidogo. Wakati huo wakala huuliza kama amekubaliwa. Asipopewa muda mwingine, angoje sekunde 5 baina ya swali na swali, na akiambiwa apunguze mwendo, aongeze 5 nyingine. Mwongozo mwingi husema tu "uliza mara kwa mara," maneno ambayo hayana maana kwa mashine.

Katika chama chetu cha kompyuta tuliandika ukurasa wa namna hii kwa programu ya kuazimia vitabu, ambayo ndani yake mna majina ya wanafunzi na madeni yao. Si jambo dogo, maana hakuna apendaye deni lake lisomwe bwenini. Kabla ya kumpa wakala ukurasa ule, tulimpa kijana wa Kidato cha Pili asiyeijua programu. Kila alipouliza swali, tuliongeza neno. Maswali yake mengi yalihusu mifano. Basi penye ufunguo hatukuweka ufunguo wa kweli, wala herufi zinazofanana nao, kwa sababu wakala hupenda kunakili mfano kama ulivyo. Tuliandika UFUNGUO_WAKO_HAPA, na chini yake: usomwe kutoka mahali pa siri pa kompyuta, usiandikwe katika mazungumzo wala katika kumbukumbu za kazi.