Ujira wa Mwashi na Usalama wa Darasa

Msafiri apitaye vijijini mwetu hakosi kuona, kando ya shule, kuta zilizofika kimo cha madirisha kisha zikaachiwa nyasi. Mwaka wa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa, wazazi walitakiwa wachange wajenge karakana, na si zote zilizopata paa. Fedha zilichangwa kwa moyo wa harambee, hotuba zikatolewa na jiwe la msingi likawekwa. Kilichokosekana aghalabu kilikuwa hesabu. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ujenzi unapokwama, lawama humwangukia mwashi. Lakini kabla ya kumhukumu, yafaa tuulize alilipwaje; kwani namna mjenzi anavyolipwa ndiyo huamua, kwa kiasi kikubwa, atajenga namna gani.

Desturi iliyoenea ni shule kununua vifaa, naye fundi kudai ujira ulio sehemu ya bei ya vifaa hivyo, mathalani theluthi moja. Tuseme vifaa ni vya shilingi 600,000. Ujira wake ni shilingi 200,000. Saruji ikimwagika, mbao zikikatwa ovyo na vifaa vikafika shilingi 750,000, ujira nao utapanda hadi shilingi 250,000. Mkataba wenyewe umemtuza fundi kwa ubadhirifu, hata kama si mwizi.

Wako wanaoukwepa mtego huo kwa kupatana bei moja ya kazi yote, vifaa vikiwemo. Hapo mtego hugeuka tu upande: kila mfuko wa saruji usiotumiwa huwa faida ya mjenzi, na lipu nzuri huficha ukuta dhaifu. Tusisahau kwamba jengo hafifu huua. Mnamo Septemba 23, 2019, jengo la shule moja jijini Nairobi liliporomoka na wanafunzi 8 wakapoteza maisha.

Basi tufanyeje? Kwanza, tupime kabla ya kununua. Sakafu ya darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, ikiwa na unene wa sentimita 10, ni mita 4.8 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, kila mita ya ujazo huhitaji takriban mifuko sita na nusu ya kilo 50. Sakafu hiyo basi itakula mifuko kama 31. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Anayedai mifuko 50 na atueleze; anayetosheka na 20 vilevile.

Pili, ujira wa kazi utajwe kwa shilingi, si kwa sehemu ya bei ya vifaa, na ugawanywe kwa hatua: msingi, kuta, paa, kisha lipu na sakafu. Kila hatua ilipwe baada ya kukaguliwa na mtu mwenye ujuzi asiye mshirika wa fundi. Sehemu moja ya kumi izuiliwe kwa miezi sita, ili nyufa zikitokea azizibe aliyejenga.

Tatu, pawe na akiba ya kukabili bei zinazopanda na mwamba unaogunduliwa chini ya msingi. Bajeti isiyo na akiba ni ndoto iliyoandikwa kwa tarakimu.

Haki haina upande mmoja. Fundi aliyemaliza hatua yake na alipwe siku ile ile. Mara ngapi tumemwona akirudi ofisini wiki baada ya wiki, kofia mkononi, kama ombaomba? Mtu ambaye watoto wake wamelala njaa hushawishika kuuza saruji ya shule.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliwapa wazazi, walimu na hata baraza la wanafunzi wawakilishi katika bodi ya usimamizi ya shule. Nafasi hiyo si ya kunywea chai. Kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, mmoja wao na ainuke aulize kwa adabu: daftari liko wapi?