Mama Alianguka Usiku

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8; 1 Samweli 4:12-18

 

Mama yangu alikuwa na umri wa miaka 79 alipovunjika mfupa wa paja. Aliamka usiku kwenda chooni, kama alivyofanya kila usiku. Mvua ilikuwa imenyesha, koroboi ilikuwa imezimika, na miguuni alivaa malapa ya mpira yaliyolika hata yakawa laini kama sabuni. Pale mlangoni palikuwa na gunia la kupangusia miguu, nililolitandika kwa mikono yangu mwenyewe. Akalikanyaga, likateleza, naye akaanguka kwa ubavu. Alilala sakafuni mpaka alfajiri, mjukuu wake alipomletea maziwa.

Majirani walisema ni bahati mbaya. Wengine walisema ni uzee tu. Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka muuguzi mmoja aliponiuliza, "Je, mama aliwahi kuanguka kabla ya hapo?" Nikajibu upesi, "La, hata kidogo." Ndipo mama akasema kwa sauti ndogo kutoka kitandani, "Mara tatu, mwanangu. Sikukwambia, kwa maana niliogopa mtanihamishia mjini, niiache nyumba yangu na kuku wangu."

Ndugu zangu, maneno yale yalinichoma moyo. Kuanguka mara tatu kulikuwa onyo mara tatu, nami nililala usingizi. Maana mzee aliyeanguka mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuanguka tena, na swali lile la muuguzi ndilo swali la kwanza ambalo kila mtoto apaswa kumwuliza mzazi wake.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli tunasoma habari za kuhani Eli. Alikuwa na umri wa miaka 98, macho yake hayaoni, mwili wake ni mzito, na moyo wake unatetemeka kwa ajili ya sanduku la Mungu. Aliposikia kwamba sanduku limetwaliwa, alianguka nyuma kutoka kitini, akavunjika shingo, akafa. Tazameni: sababu haikuwa moja. Palikuwa na umri, na macho, na uzito, na habari ya kushtua, zote zikakutana saa moja. Ndivyo wazee wengi wanavyoanguka hata leo.

Mwaka 1988 daktari mmoja wa Marekani, Mary Tinetti, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya kuwafuata wazee 336 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, wanaoishi majumbani. Katika mwaka mmoja wazee 108 walianguka angalau mara moja, yaani karibu mmoja katika kila watatu, na karibu robo ya hao walioanguka waliumia vibaya. Madaktari walihesabu udhaifu wa kila mzee. Wale wasiokuwa na udhaifu hata mmoja, walianguka 8 tu katika kila 100. Wenye udhaifu wa namna nne au zaidi, walianguka 78 katika kila 100. Basi umri peke yake sio unaomwangusha mzee. Ni mizigo inayorundikana juu yake, mmoja juu ya mwingine.

Wala tusidhani ni jambo la ng'ambo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya 80 katika kila 100 hufa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama hii yetu.

Mizigo hiyo ni ipi? Kwanza ni miguu. Ukiona mzee hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, jua kwamba mapaja yake yamedhoofika. Ukimwona anashika ukuta akitembea, mwili wake umeanza kukosa uthabiti.

Pili ni macho. Mtoto wa jicho huja polepole, hata mzee mwenyewe hajui kwamba hakioni tena kizingiti.

Tatu ni dawa. Dawa za usingizi humlegeza mtu, na ulegevu huo unaweza kuendelea hata asubuhi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya aone kizunguzungu akisimama ghafla, kwa kuwa damu hukawia kufika kichwani. Mama yangu alikuwa akitumia dawa ya shinikizo la damu kutoka hospitali, na tembe za usingizi alizonunuliwa dukani na jirani mwenye huruma. Hakuna aliyezitazama zote pamoja.

Nne ni nyayo: kucha zilizorefuka, sugu, na ganzi ya wenye ugonjwa wa kisukari. Ongezeni usahaulifu mkubwa, homa ya ghafla, na pombe. Mwisho ni nyumba yenyewe: giza, gunia mlangoni, maji yaliyomwagika sakafuni, na njia ya choo yenye utelezi.

Tena kuna mambo yanayofanya anguko dogo kuwa jeraha kubwa. Mifupa hupungua nguvu kwa uzee, hasa kwa kina mama baada ya hedhi kukoma, nao waliokonda sana hawana nyama ya kuukinga mfupa wa nyonga. Na mzee aliyelala sakafuni saa nyingi bila msaada hupata baridi na kiu, na vidonda vya kulalia, hata kichomi cha mapafu.

Husemwa kwamba mwenda pole hajikwai. Ni kweli, lakini mama yangu alikwenda pole sana usiku ule. Upole wake haukumsaidia, kwa kuwa sisi tuliokuwa na nguvu hatukufanya kazi yetu.

Na kazi yetu ni ipi? Katika Kumbukumbu la Torati, Mungu aliwaagiza watu wake kwamba mtu akijenga nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta, mtu asije akaanguka kutoka huko na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Fikirini jambo hilo! Katikati ya sheria takatifu Mungu anazungumza habari za kuanguka nyumbani. Hasemi, "Mwambieni mtu aangalie anapokanyaga." Anamwambia mwenye nyumba ajenge ukuta.

Basi na tujenge. Ondoa gunia na mkeka unaoteleza. Weka tochi mahali ambapo mkono wa mzee unafika akiwa kitandani. Tandaza kokoto kwenye njia ya choo, ukakaze nguzo au kamba imara ya kushika. Mnunulie viatu vyenye kisigino kifupi na soli isiyoteleza, vinavyokaza mguu. Mpe chombo cha haja ndogo chumbani wakati wa mvua, wala hilo si aibu. Tia dawa zake zote katika mfuko mmoja, umpelekee daktari au mganga wa zahanati azipitie. Lakini usimkatize dawa kwa akili yako mwenyewe.

Mfundishe akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, avute pumzi mara kadhaa, ndipo asimame. Mkongojo wake uwe wa kimo chake: akisimama wima na mikono ikining'inia, kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Tena aushike kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu mbovu.

Wala usimfungie kitini kwa kuogopa. Watoto wengi hukosea hapa kwa upendo. Mzee asiyetembea hupoteza nguvu, na akipoteza nguvu huanguka upesi zaidi. Na ainuke kitini na kuketi mara kadhaa kila siku, na asimame ameshika meza akijizoeza mguu mmoja mmoja, mtu akiwa karibu naye. Mwaka 1994 Tinetti na wenzake walieleza habari za wazee 301 waliokuwa na hatari ya kuanguka. Wale waliotembelewa nyumbani, wakarekebishiwa dawa na kufundishwa mazoezi, walianguka 35 katika kila 100 kwa mwaka. Wenzao wasiofanyiwa hivyo walianguka 47 katika kila 100. Hawakuponywa uzee, lakini wengi walikingwa.

Na mzee akianguka, msimnyanyue kwa pupa. Mwulizeni anaumwa wapi. Akiwa na maumivu makali ya nyonga, au mguu mmoja umekuwa mfupi na kupinda nje, asisimamishwe. Mfunikeni kwa blanketi na kutafuta gari la hospitali.

Ndugu mpendwa, mama yangu aliishi mwaka mmoja na miezi miwili baada ya usiku ule, wala hakutembea tena bila kushikwa. Nilikuwa nikimpelekea sukari na leso kila Krismasi, nikidhani ndiyo heshima. Sikumwuliza jambo ambalo angependa kuulizwa, wala sikumwahidi kwamba hata akiniambia ukweli, nyumba yake itabaki kuwa yake.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Wiki hii nenda kwa mzazi wako, au kwa mzee wa kanisa lako asiye na mtoto karibu. Lala huko. Saa ileile anapoamka usiku, amka nawe, upite njia anayopita kutoka kitandani hadi chooni, pamoja na giza lake. Utaona pa kujenga ukuta. Kisha asubuhi mwulize taratibu, "Mama, umewahi kuanguka?" Na akikwambia, usimkemee.

Nanyi wazee wetu, msituficheni. Kusema, "Nilianguka jana," si kujishusha.

Bwana atupe macho ya kuona na mikono ya kutenda, kabla ya usiku kuingia. Kwaherini, na Mungu awabariki.