Safari ya mbwa hadi Karibi huanzia kwa daktari wa mifugo

MKAZI wa Kakamega anayepata kazi au nafasi ya masomo katika visiwa vya Karibi huanza kuwaza pasipoti, viza na nauli. Anayetaka kuandamana na mbwa wake ana jambo jingine la kuwaza kabla ya hayo yote. Mnyama huyo alichanjwa lini dhidi ya kichaa cha mbwa, na je, kuna njia ya kulithibitisha hilo?

Karibi si jina geni tena masikioni mwa Wakenya. Mnamo Agosti 2019, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizuru Jamaica na Barbados. Juni 2024, kundi la kwanza la polisi wa Kenya lilitua Haiti. Hata hivyo, nchi hizo ambazo msafiri huzitaja kwa pumzi moja hazimpokei mbwa kwa namna moja.

Kinachoamua si uzuri wa mbwa wala bei aliyonunuliwa. Mbwa koko aliyezaliwa Lurambi na mbwa wa ukoo maarufu aliyeletwa kutoka ng'ambo hujaziwa fomu zile zile. Kinachotazamwa kwanza ni nchi anakotoka, na hapo mbwa wa Kenya huanza safari akiwa na doa asilolitia yeye.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa aliyepatikana karibu na Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye, ugonjwa huo ungalipo. Mkakati wa kitaifa ulioanza 2014, ambao lengo lake ni kukomesha vifo vya watu kutokana na maradhi hayo kufikia 2030, ulikadiria kuwa huenda Wakenya 2,000 hufariki kila mwaka. Takriban visa vyote vya binadamu duniani hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mgonjwa kupona.

Kutokana na hali hiyo, afisa wa bandari au uwanja wa ndege ng'ambo hawezi kuridhika kwa kumtazama mbwa mchangamfu mwenye manyoya yanayong'aa. Virusi vinaweza kukaa mwilini kwa wiki au hata miezi kabla ya mnyama kuonyesha dalili yoyote.

<b>Nguchiro na popo</b>

Jamaica, Barbados, Antigua na Saint Lucia ni miongoni mwa nchi za Karibi zisizo na kichaa cha mbwa. Haiti na Jamhuri ya Dominika, zinazogawana kisiwa kimoja, bado zinakabiliana nacho katika mbwa. Grenada ina ugonjwa huo, lakini mwenezaji wake mkuu huko ni nguchiro.

Kisa cha nguchiro chaeleza ukali wa sheria za visiwa hivyo. Mnamo 1872, nguchiro tisa kutoka India waliingizwa Jamaica ili kuwaangamiza panya waliokuwa wakiharibu mashamba ya miwa. Kutoka hapo wanyama hao walisambazwa katika visiwa vingine, wakazaana na kushindikana kudhibitiwa. Katika Grenada na Puerto Rico, nguchiro sasa ndio hifadhi ya virusi vya kichaa cha mbwa.

Jamaica ina nguchiro tele lakini haina ugonjwa huo. Mbwa mmoja mgonjwa akiingia na kumwuma nguchiro mmoja, maradhi yanaweza kuhamia vichakani, mahali ambapo hakuna daktari wa kupita nyumba kwa nyumba na sindano.

Trinidad nayo ina funzo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtaalamu wa bakteria wa kisiwa hicho, Joseph Lennox Pawan, alithibitisha kuwa popo wanyonya damu walikuwa wakieneza kichaa hicho kwa ng'ombe na binadamu. Taifa lililopitia hayo halifungui mlango kwa mnyama yeyote bila maswali.

Ndiyo sababu sheria za Jamaica kwa miaka mingi zimewakubali mbwa kutoka Uingereza na Ireland pekee. Mwenye mbwa Kakamega anayehamia Kingston hana budi kupata jibu la maandishi kutoka kwa idara ya mifugo ya huko kabla ya kutumia hata shilingi moja. Akiambiwa haiwezekani, hakuna wakala wa usafiri awezaye kuligeuza jibu hilo.

<b>Mpangilio wa tarehe</b>

Mahali ambapo mlango uko wazi, jambo linalowakwaza wengi ni mpangilio wa hatua. Mfano mzuri ni Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi vilivyo sehemu ya Ufaransa na vinavyofuata kanuni za Umoja wa Ulaya.

Hatua ya kwanza ni maikrochipu, kifaa kidogo mfano wa punje ya mchele kinachotiwa chini ya ngozi na chenye nambari ya tarakimu 15. Ndipo chanjo hufuata, siku iyo hiyo au baadaye, mbwa akiwa ametimiza angalau wiki 12. Chanjo iliyotangulia maikrochipu haihesabiwi, kwani hakuna kinachothibitisha kuwa aliyechanjwa ndiye anayesafiri. Mbwa aliyechanjwa kila mwaka kijijini, na kadi zake zikahifadhiwa vyema, anaweza kujikuta akianza upya kwa sababu hiyo moja.

Baada ya chanjo, sharti zipite angalau siku 30 kabla ya kutolewa damu ya kupima kingamwili. Kiwango kinachokubalika ni nusu yuniti ya kimataifa au zaidi kwa kila mililita. Kipimo hicho lazima kifanywe katika maabara iliyoidhinishwa, kama ile ya Onderstepoort nchini Afrika Kusini. Kisha mbwa husubiri miezi mitatu, ikihesabiwa tangu siku damu ilipotolewa.

Tuseme mbwa amewekewa maikrochipu na kuchanjwa Januari 2. Damu haiwezi kutolewa kabla ya Februari 1, na majibu yakiwa mazuri, hawezi kuingia Martinique kabla ya mwanzo wa Mei. Kwa hivyo, anayepata barua ya kazi Machi na kutakiwa kuripoti Aprili, huku mbwa wake hana maikrochipu, amekwisha kuchelewa.

Kipimo hicho hakirudiwi iwapo chanjo zitafuatana bila kukatizwa. Chanjo ikipitisha muda wake hata kwa siku moja, hesabu huanza upya.

Siku za mwisho huhitaji cheti cha afya. Daktari wa kibinafsi mjini Kakamega anaweza kumpima mbwa na kumtayarishia rekodi, lakini cheti cha kimataifa hutambuliwa tu kikiwa na idhini ya daktari wa serikali kutoka Idara ya Huduma za Mifugo, ambayo makao yake makuu yako Kabete, Nairobi.

<b>Vituo vya njiani</b>

Hakuna ndege inayotoka Nairobi moja kwa moja hadi Karibi. Abiria hubadilisha ndege Ulaya au Amerika, na kila kituo kina sheria zake.

Marekani huiweka Kenya katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Tangu Agosti 1, 2024, mbwa aliyechanjwa Kenya anayeingia huko lazima awe ametimiza miezi sita, awe na maikrochipu na fomu zilizoidhinishwa na daktari wa serikali, na apitie mojawapo ya viwanja vichache vilivyoteuliwa, vikiwemo vya New York na Miami. Nafasi katika kituo cha kuhudumia wanyama hukodiwa mapema. Asiye na kipimo cha damu kinachokubalika huzuiliwa humo kwa siku 28. Kwa hivyo, masharti ya kupitia huko yafaa kuulizwa kabla ya tiketi kununuliwa.

Mbwa husafirishwa katika kizimba kinachomwezesha kusimama, kugeuka na kulala bila kubanwa. Ni vyema azoeshwe kulala humo wiki kadhaa kabla, maana hata mwendo wa barabara kutoka Kakamega hadi Nairobi pekee humaliza sehemu kubwa ya siku. Dawa za kumlaza hazishauriwi, kwa kuwa zinaweza kuathiri pumzi yake angani. Mbwa wenye pua bapa wamo hatarini zaidi, na baadhi ya mashirika ya ndege huwakataa.

<b>Anayeachwa nyumbani</b>

Wengi watakaofanya hesabu hii wataamua kumwacha mbwa. Huo si uamuzi wa kuonewa aibu, hasa ikiwa mnyama ni mzee au mkataba ni wa muda mfupi. Lakini kumwacha na mtu si sawa na kumtelekeza.

Mbwa aliyezoea kulishwa, akibaki katika boma lisilo na mtu, huishia sokoni na majalalani pamoja na wale wasiochanjwa, na ndiko kichaa huenea. Wataalamu husema sharti angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Kila anayetupwa huifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi.

Anayeondoka basi na amtafute mlezi mapema, wazoeane kabla ya siku ya safari, na wakubaliane ni nani atakayegharimia chakula na chanjo ya kila mwaka. Kadi ya chanjo ibaki kwa mlezi, wala isifungiwe kabatini.

Iwe mbwa atapanda ndege au atabaki Kakamega akilinda lango, hatua ya kwanza haibadiliki. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, awekewe alama, achanjwe, na tarehe iandikwe. Huko ng'ambo, kisichoandikwa huhesabiwa kuwa hakikufanyika.