Je, wajua kifua kikuu kina mwamshaji wake?

Mgonjwa anayeanza dawa za kifua kikuu (TB) huenda kikohozi kikapungua baada ya wiki chache. Hata hivyo atameza vidonge miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha 2 kwa miezi 4. Wapo wanaojiona wamepona, wakaacha njiani. Kinachowafanya madaktari wang'ang'anie miezi yote hiyo ni bakteria waliolala. Dawa nyingi humuua anayekua, aliyelala hupitwa.

Mwaka 1998 Galina Mukamolova na wenzake walieleza jinsi bakteria waliolala wanavyoamshwa. Walichunguza Micrococcus luteus, bakteria mpole aishiye hata ngozini mwetu. Waliokaa muda mrefu na njaa walikataa kukua hata walipopewa chakula, mpaka walipotiwa protini inayotolewa na wenzao walio macho. Ilitosha chembe ndogo mno, ndiyo maana ikafananishwa na homoni. Inaitwa Rpf, na bakteria wa kifua kikuu anazo 5 za ukoo huo.

Homoni, lakini, ni jina la heshima tu. Umbo la Rpf linashabihi kimeng'enya kilichomo katika machozi yetu, kile kinachokata ukuta wa bakteria. Rpf nayo hukata ukuta huo. Kama ni kukata kwenyewe kunakoamsha, au ni vipande vinavyodondoka, watafiti bado wanabishana.

Mwaka 2010 makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu yalionyesha jambo la kutia wasiwasi: bakteria wengi walio hai ndani yake hawakuota maabara bila Rpf. Ukihesabu walioota wenyewe, umehesabu wachache.

Basi Rpf ni kama mpiga ngoma wa daku. Waweza kumnyang'anya ngoma, bakteria wasiamke. Au waweza kuipiga wewe, waamke, dawa iwakute macho. Njia ya pili inavutia kwa kuwa ingeweza kufupisha matibabu, lakini mimi naiogopa: kumwamsha adui ndani ya mwili uliodhoofishwa na HIV si mchezo.

Na hiyo ya kwanza ina ugumu wake, kwani ngoma ni 5. Ukizima moja, nyingine hushika zamu. Watafiti wakiwemo wa Afrika Kusini walipozifuta zote, bakteria aliye macho aliendelea kukua maabara bila shida. Kuamka ndiko kulikomshinda. Kwa hiyo dawa ya kuizima Rpf, ikipatikana, itamezwa pamoja na vidonge vya sasa, si badala yake.